Rangi ya Chungwa

Juzi nilisimama dukani mjini Tanga mbele ya machungwa yaliyotoka ng'ambo, kila moja limebandikwa kikaratasi, yanang'aa kwa ile rangi inayopendwa na vitabu. Bei yake sikuthubutu kuiuliza. Nilishika moja tu, nikaligeuza mkononi, na papo hapo nikajikuta darasa la tano katika shule yetu ya kijijini huko Muheza, mwaka ule ambao sabuni ilikuwa hadithi na sukari tuliipangia foleni tangu alfajiri.

Kama hukulelewa Muheza huenda hujui: chungwa letu halibadiliki. Linaiva likiwa kijani, linauzwa likiwa kijani, na ukilimenya utamu unakumiminikia hadi kwenye viwiko. Likigeuka manjano ujue lina kasoro, tulimpa mbuzi. Bibi yangu, ndiye aliyenilea, aliishi kwa michungwa yake. Maganda makavu tuliwashia moto mafuta ya taa yalipoadimika, majani aliyachemsha tukifungwa na mafua. Hakukuwa na jambo la chungwa asilolijua. Ndivyo alivyoamini, nami nilimwamini.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana wa Lushoto, mpole, na kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Siku moja alitufundisha neno orange. Ni tunda, alisema, tena ni rangi, na mjini ukilitamka dukani unaletewa soda. Tulistaajabu neno dogo vile kufanya kazi tatu bila kuchoka. Kisha akatangaza jaribio, na zawadi ya wa kwanza ilikuwa daftari jipya.

Daftari, ndugu yangu. Sisi tuliandika nyuma ya karatasi kuukuu za shamba la mkonge, zilizokwisha kuandikwa upande mmoja. Nilipoonyeshwa zile kurasa nyeupe pande zote mbili, sikutazama tena kitu kingine.

Swali la mwisho liliuliza chungwa lina rangi gani. Nikaandika kijani, kwa Kiingereza safi kabisa, na mwalimu akanikosesha. Alama hiyo moja ikaniweka nyuma ya mtoto wa jirani yetu, aliyejibu kwa kufuata picha ya kitabuni.

Bibi aliposikia alivaa kanga yake nzuri, akajaza machungwa kwenye pakacha, akanishika mkono hadi shuleni. Mwalimu alimwamkia shikamoo, akampa kiti chake. Bibi aliitikia, akamenya chungwa, akamkabidhi.

"Tamu?"

"Tamu sana, bibi."

"Limeiva?"

"Limeiva."

"Rangi gani?"

Mwalimu alicheka. Alikiri kuwa ni kijani, ila kitabu kinasema vingine.

"Na huyo aliyeandika kitabu, alikula chungwa la nani?"

Mwalimu akaeleza taratibu kwamba kwao Lushoto, kwa ajili ya baridi, machungwa yakiiva hugeuka yakawa kama yale ya kitabuni. Bibi hakusadiki. Alisema watu wa milimani wana maneno mengi. "Basi niletee. Nikiliona kwa macho yangu, nitasema mbele ya watoto kuwa mjukuu wangu kakosa, na daftari apewe mwenziwe. Usipoleta, ni la mjukuu wangu." Wakakubaliana, na daftari likafungiwa kabatini mpaka likizo iishe.

Likizo ile nilimwomba Mungu mwalimu asahau. Petroli haikupatikana, mabasi yalikuwa ya kuhesabu, nami nilijipa moyo kwamba hakuna mwenye akili zake atakayebeba machungwa kuyaleta Muheza.

Aliyaleta. Yalikuwa matatu, ameyafunga ndani ya shati. Bibi aliitwa, na shati lilipofunguliwa mezani darasa zima likasimama kutazama. Sijui nikueleze vipi. Asubuhi ile ilikuwa ya mawingu, lakini mahali pale palikuwa kama pameachiwa kaa la moto. Bibi alisogea polepole, akachukua moja kwa mikono miwili. Alilikwaruza kwa ukucha akidhani limepakwa, akanusa ukucha, akakwaruza tena.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ndogo. "Umri wote huu, sikujua."

Mpaka leo namkumbuka alivyosimama pale. Mtu aliyezeekea kwenye michungwa anashangaa kama mtoto, mbele ya watoto, na wala haoni haya. Aliyeona haya ni mwalimu.

"Bibi, yaishe. La kwenu kijani, la kwetu hivi. Daftari nimpe tu huyu mtoto."

Nilikwisha kunyoosha mkono. Bibi akatikisa kichwa.

"Ahadi ni deni, mwalimu." Akatugeukia. "Wanangu, mjukuu wangu kakosa. Na kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwambia chungwa lina rangi moja."

Daftari akapewa mtoto wa jirani. Nililia njia nzima, na siku mbili sikumsemesha bibi. Yeye aliliweka lile chungwa, alilopewa na mwalimu, kwenye sahani barazani, majirani wakawa wanakuja kulitazama kama waendao kumwona mtoto mchanga. Tulipolimenya lilikuwa na uchachu. Bibi alikataza lisisemwe vibaya, limetoka mbali.

Miaka ikapita, ikaja enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madaftari yakajaa madukani yenye majalada ya kila namna, na malori ya Mombasa yakafuata machungwa mpaka shambani. Bibi hayuko tena, na michungwa yake imekatwa pakajengwa nyumba. Hayo yote niliyatarajia. Nisichokitarajia ni kwamba sijakutana tena na mtu mzima wa kusema vile mbele za watu, sikujua, kosa ni langu.

Nami ni mwalimu sasa. Mwaka jana msichana mmoja alinyoosha kidole, akaniambia kwa adabu kwamba nimekosea ubaoni. Nilitazama, nikaona kweli. Darasa zima lilikuwa linaningoja.

"Nilikuwa nawapima tu," nikasema, nikafuta.

Wenzake walicheka. Yule msichana alinitazama kidogo, akakaa chini.