Shore wa Dirishani

Kuna siku moja ya Machi haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa siku hizi hata miwani naitafuta na huku nimeivaa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mgeni wa miezi miwili Ibra, Uarabuni kwa asili yetu, nimetoka Unguja kuja kukaa kwa shangazi yangu Zuwena, aliyetutangulia kurudi. Nilikipenda chakula chake, lakini kwetu nilikulilia kila alfajiri.

Asubuhi hiyo nikasikia sauti ya ndege ninayoijua kwenye mdimu, nje ya dirisha langu. Nikachungulia. Shore! Kichwa cheusi, manjano chini ya mkia, sawa na wa kwetu, ila huyu alikuwa na mviringo mweupe kuzunguka macho. Ana kiota na makinda watatu. Nilifurahi mpaka chai ikapoa.

Tatizo majani yalinizuia. Nikachukua kisu cha jikoni, nikakata matawi ya upande wangu. Unguja mti ukisongamana tunaupunguza, upepo upite, basi nikajiona najua. Nikakaa dirishani kama niliyepata jamaa.

Kufika saa nne, jua likaingia pale nilipopafungua. Makinda wakaachama midomo, vichwa vikalegea. Mama yao akatandaza mbawa, zikawatosha wawili tu. Nikakimbia jikoni nalia, "Shangazi, nimewaua!"

Alitoka, akatazama matawi chini, kisha akanitazama mimi. Nilingoja anifokee. Akachukua leso kambani, akapanda juu ya kinu, akaitanda juu ya kiota kwa mikono miwili.

"Nenda shamba, lete makuti mawili," akasema. "Na ufunike kichwa."

Shamba lilikuwa mbali, na wanaume wote wako juu ya mitende, wanapandikiza maua ya dume kwa ya jike, hakuna wa kunikatia upesi. Niliporudi, shangazi alikuwa bado amesimama juani, leso ameishika vile vile, midomo inasoma salawati. Tukafunga makuti juu ya tawi, na mama yao akarudi. Wawili walipona. Wa tatu nilimzika mwenyewe, nikalia kweli kweli.

Jioni nikamwomba radhi. Akanivuta karibu.

"Ya binti, kumpenda si kosa. Umekosea kutaka kumwona kila saa. Na mimi wallahi nimekufanyia hayo hayo: njoo ule, njoo ukae na wageni, mbona umejifungia? Hata pahala pa kulia sikukuachia. Tangu leo mlango wako nitaupigia hodi."

Na alipiga hodi mpaka siku niliyoolewa.

Sasa mwanangu, juzi nimekuona na simu yako, unapekua majani upate picha ya makinda wa hua. Rudi nyuma kidogo. Kaa barazani, nyamaza, usiguse hata jani. Mama yao akikuzoea utamwona anavyowalisha. Na watoto wako ukijaaliwa, wapende hivyo hivyo, uwaachie na pahala pao. Mungu aifanye nyumba yako iwe ya amani kwa kila kiumbe anayezaa humo. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe mtu wa kukusimamia juani bila ya kukufokea. Amin.