Asante ya Kandambili

Mtu huyu kazi yake ni kufunza mbwa wa ulinzi, na kazi anaijua, tusimnyime haki yake. Huanza na tendo la mwisho: mbwa akae, apewe kipande cha nyama. Akishalizoea, huongezewa la kabla yake, kisha la kabla ya hilo, mpaka mnyama anafuata mlolongo mzima akijua mwishoni kuna utamu. Utamu ukikatwa, mlolongo nao hufa.

Mkewe alipofariki hakulia. Watu walisema amejikaza. Wapi! Hakuhisi kitu. Aliamka, akaoga, akaenda kazini, akarudi.

Marehemu naye alikuwa amemfunza mbwa wa nyumbani, kwa kuiga tu kazi ya mumewe. Komeo la geti likilia jioni, mbwa alibeba kandambili kutoka kibarazani, moja moja, akaziweka miguuni pa bwana, akakaa. Baada ya msiba aliendelea. Kisha akaacha kukaa. Kisha akawa analeta moja tu, tena anaiangusha njiani. Hapo mwanamume akashtuka, maana mkewe hakuacha kitu kingine kilichokuwa bado kinatembea mle ndani. Akanunua nyama, steki tupu, jamani! Mbwa akala, akawa anafuata sahani. Kandambili hakuzitazama.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipita kumjulia hali akamkuta amepiga magoti na sahani mkononi.

"Shemeji, unamhonga mbwa?"

"Dada yako alikuwa anampa nini?"

"Hakumpa kitu. Alikuwa anatoka jikoni, anamkuna shingo, anamwambia, 'Asante, baba.' Nikamuuliza, asante ya nini, kandambili kwani zako? Akacheka. 'Mwenyewe hasemi,' akaniambia, 'namsemea.'"

Mwanamume akaiweka sahani chini. Miaka yote ile chai, shati lililopigwa pasi, maji ya kuoga, alivikuta vipo akavitumia. Neno lenyewe hakumbuki kulisema.

Jioni iliyofuata komeo likalia. Mbwa akainua kichwa, akakilaza tena. Mwanamume akazifuata kandambili mwenyewe, akaziweka miguuni pake, akaanza na tendo la mwisho.

"Kaa."

Mbwa akakaa. Akamkuna shingo.

"Asante," akasema.

Mbwa akageuka upesi kutazama mlango wa jikoni. Naye akageuka. Hapakuwa na mtu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaliona hilo.