Nati za Upindo

Kanzu ya ubatizo ina siri yake. Ndani ya upindo wa chini hushonewa nati nzito, zile za fundi wa magari, ili mtu akishuka majini nguo itulie miguuni, isimpande kifuani. Mshonaji ndiye aliyezishona kanzu hizo tangu ujana wake, bila kulidai kanisa hata bei ya uzi. Mwenyewe hakuwahi kushuka kwenye birika la ubatizo. Alijiambia kazi yake inatosha. Mungu anauona mshono ulionyooka.

Jioni moja akaingia Ngumi kwenye chumba chake cha kazi. Jina hilo hakupewa kwa mchezo. Mkono wake ndio uliompiga mdogo wa mshonaji, enzi alipokuwa mkewe, hadi sikio la kushoto likafa kabisa.

"Hodi, shemeji."

"Shemeji yako nani? Ndoa ilikwisha, ikaondoka na ushemeji wake."

"Nimeokoka. Mchungaji kasema nije kupimwa kanzu."

Mshonaji akamzungushia futi shingoni kama anayetia kitanzi. "Umefanya nini cha kukuokoa? Umemrudishia sikio?"

"Siwezi. Nilikwenda kumwomba radhi, akanifungia mlango. Sina cha kupeleka. Nimeambiwa niamini tu."

"Niamini tu! Rahisi kama kumeza mate."

Kesho yake alimfuata mchungaji ofisini, hata kiti hakukikalia.

"Mama," mchungaji alisema taratibu, "hakuna anayeokolewa kwa matendo yake. Ni neema, nasi tunaipokea kwa imani. Ngumi, mimi, hata wewe."

"Hata mimi? Na kanzu zangu zote?"

"Kanzu zako tunazipenda. Kukuokoa, haziwezi."

Alitoka damu ikimchemka. Kumbe mkono ulioshona na mkono uliopiga ilipanga foleni kwenye mlango mmoja, tena aliyepiga yuko mbele! Akaketi kwenye cherehani, akamshonea Ngumi kanzu safi kuliko zote alizowahi kushona. Upindo akauacha mtupu. Nati akazitia mfukoni mwa gauni lake, azisikie zikigongana siku ya ubatizo ikifika.

Jumapili, mdogo wake aliketi naye benchi la mbele, sikio zima likielekea birikani.

"Na wewe umekuja kumwona akitakaswa?" mshonaji alimnong'oneza.

"Nimekuja kuona kama maji yatamkubali."

Ngumi akashuka ngazi. Maji yalipomfika mapajani, kanzu ikavimba, ikapanda, ikamfungukia kwapani, akabaki na kaptura kuukuu yenye viraka matakoni.

"Kafunguka kama mwavuli!" mwimbaji mmoja wa kwaya alipayuka, na kanisa zima likaangua kicheko.

Utamu ulimpanda mshonaji hadi kwenye meno. Alingoja Ngumi akimbie, atukane, au akunje ule mkono wake wote wauone. Mchungaji alikandamiza kanzu upande huu, ikaibukia upande wa pili. Ngumi hakuigusa. Mikono yake ilining'inia tu.

"Unaamini?"

"Naamini. Nichukue hivi hivi."

Akazamishwa. Alipoibuka, waliokuwa wakicheka ndio waliopiga makofi.

Mdogo mtu hakupiga makofi. "Nati ziko wapi, dada?"

"Nati gani?"

"Usinifanye mtoto. Mfuko wako unalia, na sikio lililobaki linasikia."

"Nimekulipizia, mdogo wangu."

"Mimi? Mimi sijamsamehe, na sijui kama nitaweza. Lakini hili si langu. Ulikuwa unalipizia sikio langu, au kanzu zako?"

Mshonaji akaubana mfuko. Baada ya ibada, kwenye chumba cha nyuma, aliikamua kanzu ile kama anayenyonga kuku. Mchungaji akachungulia mlangoni.

"Mama, yako tutaipima lini?"

"Siku huyo mwanamume akihama kanisa."

"Hahami."

"Basi na mimi sishuki."

Mchungaji akaondoka. Mshonaji akatoa nati, akatunga uzi, akaanza kuzishonea pale zilipostahili kuwa, akichoma sindano kwa hasira. Alipomaliza, akatazama mlangoni, kisha akaipandisha kanzu mabegani mwake kuona urefu. Ilimfika kwenye vifundo vya miguu sawasawa, nzito, imetulia.

Akaibwaga sakafuni. Kisha akainama akaiokota, maana ilikuwa imelowa, na pale chini palikuwa na vumbi.