Dali Niliyowamwagia Kuku

Nakumbuka asubuhi ile mama mkwe wangu alipomnyanyua kuku wangu mmoja, akamkagua mdomo, kisha akanigeukia mimi. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu, wala usiyalainishe maneno yangu. Sikuketi darasani hata siku moja, lakini aibu yangu naikumbuka neno kwa neno.

Nilikuwa nimetoka Karungu, upande wa Migori, nikaolewa hapa Homa Bay. Mume wangu alikuwa mvuvi. Samaki wazuri walikwenda kwa wachuuzi, nasi tukabaki na ugali na mboga za majani. Kila asubuhi nilikwenda nyuma ya duka la Mama Rupa, Mhindi wa makamo, kumchambulia kamande, zile dengu ndogo za kahawia, nikiziondolea mawe juu ya ungo. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na miezi mitano. Kichwa kilinizunguka, magoti yalilegea, na mchana kutwa nilitafuna odowa, lile jiwe laini la udongo linalouzwa sokoni, kama mbuzi alambaye magadi.

Siku moja Mama Rupa alinivuta ngozi iliyo chini ya jicho, akachungulia.

"Ndani nyeupe," akasema. Kiswahili chake kilichechemea kama changu. "Wewe damu hapana. Mawe natafuna ya nini? Kula dali."

Tangu siku hiyo, kila adhuhuri alinijazia sufuria ndogo ya dali hiyo: kamande zilizochemshwa mpaka zikavunjika, zikatiwa manjano, kitunguu saumu na mchicha, kisha bizari iliyokaangwa katika samli ikamiminwa juu huku ikilia chwaa! Harufu yake ilinifuata njia nzima. Nami, mwanangu, nikifika kwenye ua wa minyaa nyuma ya nyumba yangu, niliimwaga yote. Kuku walikuja mbio.

Niliona haya. Niliogopa mama mkwe atasema kwamba nimeleta chungu cha watu ili kumwonyesha kuwa mwanawe hawezi kunilisha. Tena nilijiuliza, mtu asiyekula samaki wala nyama atanifundisha nini kuhusu nguvu? Nilijiuliza hivyo huku mama mkwe wa Mama Rupa, ajuza mwenye mvi tupu, akipanda ngazi za ghorofani na ndoo ya maji mkononi. Macho nilikuwa nayo, kuona sikuona.

Kuku wakanenepa, wakataga bila kupumzika. Mimi nikazidi kukonda. Ndipo ikafika asubuhi hiyo niliyoitaja.

"Nyar Karungu," aliniita mama mkwe, maana kwetu mke huitwa binti wa kwao, "kuku hawa wanakula nini?"

"Makombo, mama."

"Makombo ya jikoni kwako yameanza lini kuwa na manjano? Hebu tazama mdomo huu! Kuku amejipaka rangi kama msichana anayekwenda harusini."

Nikapiga magoti, nikaeleza yote, nikingoja anirudishe kwetu. Hakupaza sauti. Alimweka kuku chini, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Katika boma hili mwanamke hali kuku, wala yai," akasema. Ndiyo, mwanangu, ndivyo ilivyokuwa zamani zile, usigune, andika. "Umepewa damu ya mjukuu wangu, ukawapa viumbe usioruhusiwa hata kuwaonja. Wao wamenawiri, wewe unakwisha. Mimi nilizika watoto wawili kabla ya kumpata mume wako. Unadhani ningeuliza chungu kimetoka kwa nani?"

 

Kesho yake alimbeba kuku aliyenona kuliko wote, akaenda naye kwa Mama Rupa kushukuru. Mama Rupa akaunganisha viganja, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Asante, mama, lakini mimi kuku hapana kula!"

Mama mkwe akabaki na kuku kwapani. "Huyu hali, na yule hali," akasema. "Basi wewe kuku umezaliwa na bahati." Kuku yule alikufa kwa uzee. Mama mkwe naye alikaa katika jiko la Mama Rupa hadi jua likashuka, akijifunza kupika dali, na tangu hapo alinipikia mwenyewe, akinisimamia mpaka sufuria ing'ae. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Polepole kizunguzungu kikaniacha, na baba yako akazaliwa na kilio ambacho hata wavuvi walikisikia.

Sasa niseme lililonifanya nikuketishe hapa. Jana nimekuta odowa katika mkoba wako, na sahani ya dali niliyokupikia imerudi kama ilivyokwenda. Unasema umeshiba kamande tangu shule ya bweni. Muuguzi wa kliniki amekwambia damu yako ni kidogo, nawe ukanificha. Nimeyasikia kwa mumeo. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Dengu si chakula cha aliyekosa. Hujenga mwili pale ambapo nyama haikufika, huongeza damu, hulainisha choo. Sisi wazee wenye sukari hutushibisha taratibu bila kuipandisha kwa pupa. Uzile pamoja na ugali, wali au chapati, kwa kuwa kimoja humkamilisha mwenziwe. Zikamulie ndimu, na chai uiache ingoje mpaka chakula kitulie. Mama Rupa alinikanya hivyo, na muuguzi wako amerudia yayo hayo. Vidonge vya kliniki umeze vyote, maana dali ni mwenzi wa dawa, si mrithi wake. Na mtu akikupa kitu cha kukuponya, usimuulize kabila lake wala usiogope macho ya jirani.

Mungu akujaze damu wewe na huyo uliyembeba. Akufungue salama, akupe mtoto mwenye sauti kama ya baba yako, nami nijaliwe kumpakata kabla mikono yangu haijachoka.

Haya, weka kalamu. Dali imepoa kiasi cha kulika, ndimu nimekwisha kuikata. Na kuku nimewafungia.