Wimbo wa Kumwingizia Asmaa

Hapa Mjambere, Kisauni, sherehe ya kina mama haifani bila Salha. Siku ya kumpamba bibi harusi mwanamume haingii ukumbini, kwa hivyo mpiga muziki lazima awe mwanamke, na Salha ana spika mbili, kompyuta kuukuu na ukali wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Wimbo wenye neno chafu haupigi. Msichana akimwomba zile nyimbo za mitaani za Nairobi, humkodolea macho mpaka arudi kuketi. Ndiyo maana familia zenye heshima zao humwita yeye, na mimi jirani yake, ninayembebea nyaya, nala pilau za watu bila kualikwa.

Kwa Kihispania, lakini, hakuwa na kinga. Alikutana na wimbo wenye gita laini, mwanamume akiimba kama anayembembeleza mtoto, akaupenda papo hapo. Kwa uangalifu wake aliiomba simu imfasirie. Simu ikampa mama, paka, joto na kitanda. Salha akaamua huyo ni kijana anayemuuguza mamake. Nilipomuuliza paka anatafuta nini hapo, alinijibu kwamba Wahispania wanapenda paka, na nisimpotezee wakati.

Basi Asmaa alipoolewa, huo ndio uliokuwa wimbo wa kumwingizia. Asmaa ni mjukuu wa Bi Mwanasaumu, somo anayewafunda mabibi harusi wa mtaa mzima. Neno lake moja tu lingetosha kumfungia Salha milango yote ya Kisauni. Wajomba walimsindikiza Asmaa mpaka mlangoni, watoto wakimrushia maua, na spika moja imeelekea barabara ya msikitini. Bi Mwanasaumu alimpokea mjukuu wake huku akitikisa kichwa kwa raha.

Quinter, jirani yetu anayepokea wageni katika hoteli moja ya ufuoni, nusura apaliwe na sharubati. Kihispania alifundishwa darasani, lakini lugha ya mitaani aliipata kwa wageni wenyewe, waliomfafanulia huku wakicheka. Alimvuta Salha kando akamweleza. Huyo mama si mama mzazi bali mpenzi wake, paka ndiye huyo huyo mwanamke, na kitandani hakuna mgonjwa. Yaliyobaki aliyasema sikioni, kiungo kwa kiungo.

Kesho yake Bi Mwanasaumu akatuma mtu amwite. Salha alinibana niende naye. Njiani nilikuwa nimeshaanza kuziaga pilau.

Tulimkuta kizee amekaa mkekani anashona kofia. Salha alimwamkia, akaitikiwa vizuri, jambo lililomtisha zaidi.

"Ule wimbo ulomwingizia mjukuu wangu," Bi Mwanasaumu akaanza, "wasemaje?"

Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya, wallahi, ningemtaja yule mama mgonjwa na paka wake. Lakini Salha alisema hakujua, kisha jana ndipo akajua, na kwamba ni mambo ya aibu. Bi Mwanasaumu akataka kuyasikia. Salha akajifunika uso kwa mtandio, akayatoa yote humo ndani, mpaka yale ya kiungo kwa kiungo. Mimi niliangalia dari.

Bi Mwanasaumu aliweka sindano chini. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka mpaka machozi.

"Hayo tu?" akasema. "Hayo ndiyo nlomfunda Asmaa wiki nzima. Tena huyo mwimbaji wako kuna mengi asiyoyajua."

Salha alifunua uso. Alishusha pumzi ndefu, akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Nami nilifurahi kwa ajili yake, na kwa ajili ya tumbo langu.

Kizee akajifuta macho, akarudisha uso wa kazi. Mambo hayo, akasema, tangu zamani yana chumba chake, na kosa la Salha ni kuwapigia wajomba na watoto.

"Sikwambii uutupe," akamalizia, akiichukua tena kofia yake. "Jumamosi namfunda mwengine. Njoo nao, na spika moja ndogo. Ila nifungie mlango kabla hujaupiga."