Konzi ya Kwanza ya Kumbikumbi

Tarehe niliyozaliwa hakuna anayeijua, lakini wiki wanaijua wote: ni wiki ya mvua za mwanzo, kumbikumbi wanapotoka. Watoto wengine wa Busia hawakuwa hata na siku ya kuzaliwa. Mimi nilikuwa na wiki nzima, na niliringa nayo mpaka nikachukiwa.

Aliyeianzisha ni baba. Alikuwa na lori lake, akiliendesha mwenyewe, Mwislamu wa mjini, mtu wa kelele na vicheko. Kumbikumbi wakitoka, lori lilipumzika. "Leo hakuna mtu nafanya kazi," angesema, na mama angejifanya kukasirika huku anakanda unga wa chapati.

Mwaka mmoja alitupeleka Tororo kupanda ule mwamba mkubwa. Pale penye ngazi za chuma nililia, baba akanisukuma kwa nyuma kama gunia. Juu tulikula chapati na maini ya kukaanga, upepo ukitunyang'anya karatasi. Alinionyesha Kenya upande ule na kwetu upande huu. Nilipomuuliza mpaka uko wapi, akasema mpaka ulichoka, haukuweza kupanda. "Mla ni mla leo," akasema, akachukua kipande changu cha mwisho cha ini.

Siku zilizobaki za wiki yangu, kila mwaka, tulikuwa Lunyo, kwa bibi mzaa mama. Huko kila kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe. Nilipozaliwa, bibi alimpa baba kimoja nyuma ya shamba la muhogo, ili baadaye kiwe changu. Mwenye kichuguu ndiye anayekula konzi ya kwanza, wakiwa wabichi, kabla mtu mwingine hajagusa. Maadamu baba yuko hai, ni yeye. Akifa, ni mimi. Jamaa zake wa mjini walimcheka kwamba anakula wadudu. Yeye alisema Bismillahi, akatafuna.

Kumbikumbi hawa hutoka mchana, tena hudanganyika. Unafunika kichuguu kwa majani ya mgomba, unapigapiga vijiti juu ya ubao, nao wakidhani ni mvua wanatoka. Baba alipiga vibaya kuliko sisi wote. Bibi, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuweza kusema naye ana kwa ana, aliniambia mimi: "Ambia baba yako, hiyo mvua yake nakuwa ya mawe." Baba alicheka mpaka vijiti vikamwanguka.

Nilikuwa na miaka minane baba alipozuiliwa na askari barabarani, wakati wa kiangazi, akitoka Tororo. Utingo wake aliachiwa, akaja kutuambia kwamba mkubwa wao alilipenda lori. Hivyo tu. Katika utawala ule wa wanajeshi mtu aliweza kupotea kwa sababu ya matairi mapya. Mama alizunguka kambi zote akirudi na matusi. Hakukaa eda, hakutaka matanga. "Hajawahi kukosa wiki ya mtoto," alisema, nami nikalishika neno hilo: kumbikumbi wakitoka, baba atarudi.

Mvua ya kwanza iliponyesha tulikwenda Lunyo. Mama alikaanga kuku, akaponda mbegu za simsim, akasonga ugali wa wimbi wa kumtosha mtu mwenye njaa ya safari. Mimi nilipiga vijiti. Nilipiga mpaka viganja vikafanya malengelenge, na kila nikisikia injini kule barabarani, mikono yangu ilisimama yenyewe.

Wakatoka. Walitoka wengi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, wakajaa kwenye shimo tulilowachimbia. Nilifurahi sana, nikaacha vijiti nikakimbia hadi barabarani kumpokea baba. Barabarani kulikuwa na mbuzi tu. Nilisimama pale mpaka mama akaniita mara mbili.

Niliporudi bakuli lilikuwa limejaa na hakuna aliyegusa. Bibi alichota konzi moja, akaileta mbele ya mdomo wangu.

"Kula wewe kwanza," alisema.

"Mama, ngoja," mama yangu alisema. "Pengine atakuja kesho."

Machozi yalikuwa yakimtoka bibi, lakini mkono wake ulibaki palepale. "Kula, mjukuu wangu. Kichuguu sasa nakuwa yako."

Nilimtazama mama anikataze. Hakunikataza, nikala. Walikuwa watamu, wenye mafuta, watamu vilevile kama kila mwaka, na utamu ule unaniuma hadi leo. Nyuma yangu mama alikaa chini kwenye majani ya mgomba, akaanza kumlilia mumewe.