Nilivyosifia Kipara cha Skola

Wenzangu, tangu Jumamosi natembea hapa Mpanda nikiangalia chini. Klabu yetu ya kujitolea ilikuwa inawapongeza wanafunzi bora wa sekondari, na kipaza sauti nilishika mimi, maana najiona nina mdomo mtamu. Nikamwita Skola, binti wa kijiji cha Kasansa aliyeongoza kidato cha nne. Akapanda jukwaani amenyoa kipara kinachong'aa, nami nikaona nimepata la kusema.

“Mnaona nidhamu hiyo, nyie wasichana? Shule zimefungwa, wenzake wanasuka, yeye amenyoa kama yuko bwenini.”

Skola akainamisha kichwa. Nikadhani anaonea haya sifa, nikanogesha. “Baba yake yuko wapi? Mzee, usijifiche, njoo ucheze na binti yako.”

Mwenyekiti akanikanyaga mguu, nikausogeza, nikaendelea kumwita mzee. Mwishowe akainuka mama mmoja kule nyuma, akaja taratibu. Alipofika mbele yangu akateremsha kitenge kichwani. Naye alikuwa amenyolewa.

“Huyo unayemwita tumemzika majuzi, tukanyoa kwa msiba wake, mwanangu,” akaninong'oneza, akijaribu kunisitiri.

Lakini kipaza sauti nilikuwa sijakizima.